Windows 10 imefika mwisho: kompyuta ya sebuleni niipandishe, niiache ilivyo au niihamishe?

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba mnishauri juu ya jambo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na mnisamehe kwa urefu wa maelezo, kwa maana bila ya maelezo hayo ushauri hautanifaa.

Nyumbani kwetu hapa Tudor, Mombasa, tuna kompyuta iliyo chini ya runinga ya sebuleni tangu mwaka 2014. Haiandikiwi barua wala haifanyiwi hesabu. Kazi yake ni kuonyesha picha na kutoa sauti. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, kumbukumbu ya GB 8, diski ya SSD ya GB 120 iliyobeba Windows 10, na diski kubwa ya TB 4 iliyobeba filamu na kanda zetu. Imeunganishwa na amplifaya kwa waya wa HDMI, na ikiwashwa hufungua Kodi, programu ya kuchezea video na kuonyesha chaneli, moja kwa moja bila ya mtu kugusa kibodi.

Anayeitumia zaidi ni mamangu, mwenye umri wa miaka 73. Saa moja usiku hushika rimoti, akabonyeza kitufe cha kijani, na taarifa ya habari ya Kiswahili ikaja kupitia antena ya juu ya paa na kifaa cha USB kinachonasa matangazo ya DVB-T2, yaani televisheni ya kidijitali ya antena. Baada ya isha huangalia kanda zake, na hizo kanda ndizo zinazonitia hofu. Zilikuwa kanda 31 za VHS: za harusi za dada zangu, za maulidi ya Lamu, na nyingine ambamo marehemu baba anasikika akizungumza nyuma ya kamera bila ya kuonekana hata mara moja. Niliziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kamili kwa kuwa hakuna njia ya kuiharakisha. Baadaye unyevu wa hapa kwetu ukazitia ukungu kanda zenyewe, na sasa hazichezi tena. Kilichobaki ni zile faili.

Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yenyewe imeniandikia kwenye skrini kwamba haitimizi masharti ya Windows 11. Ninavyoona, ama niilazimishe ipande hadi 11, ama niiache ilivyo, ama niihamishie Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ambayo siijui. Kununua nyingine mfuko hauruhusu kwa sasa. Ipo pia kero moja ya zamani: watu wanapotembea ndani ya kanda, picha inakwenda kwa mishtuko midogo midogo, na nilikuwa nikitumaini kwamba mfumo mpya utaiondoa.

Mchangiaji wa Nyali

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kuchagua njia, ni vizuri tuelewane maana ya msaada kusitishwa. Kompyuta haizimiki, Kodi haifungwi, na kanda za mama zitacheza mwaka kesho kama zinavyocheza leo. Kinachokatika ni masasisho ya usalama. Mtu akigundua tundu jipya katika Windows 10, tundu hilo litabaki wazi kwenye mashine yako, na kadiri miezi inavyopita ndivyo matundu yanavyoongezeka. Kwa hivyo swali langu la kwanza ni hili: kompyuta hiyo inagusa nini nje ya nyumba? Kama ni antena na diski yake tu, chomoa waya wa mtandao na ulale usingizi. Kama watu wanafungulia kivinjari humo, wanaingiza nywila za barua pepe au wanalipia vitu, hapo jambo ni jingine kabisa.

Pili, una muda zaidi kuliko unavyodhani. Microsoft imewawekea watumiaji wa majumbani mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu hujiunga kwa kulipa dola 30, au kwa kutumia pointi 1,000 za mpango wao wa zawadi, au bila ya malipo akikubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Sharti ni kwamba mashine iwe na toleo la 22H2. Hakikisha toleo lako, ujiunge, kisha ufikirie bila ya haraka. Uamuzi mbaya mara nyingi huja pale mtu anapoona tarehe imempita na kuanza kubonyeza vitufe usiku wa manane.

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Ahsante sana, ndugu. Nimeangalia, ni 22H2. Kuhusu mtandao, inagusa. Watoto wa dada yangu huja kila wikendi na hufungua masomo yao ya YouTube kwa sababu skrini ni kubwa, na mmoja wao huingia kwa akaunti yake ya shule. Kwa hivyo kuchomoa waya hakutawezekana bila ya kuwanyima watoto.

Mchangiaji wa Likoni

Mwanangu, mimi nilikuwa fundi wa televisheni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nina jambo la kukueleza ili yaliyonipata mimi yasikupate.

Kompyuta yangu ya sebuleni ilikuwa na Windows 7, na ndani yake mlikuwa na Media Center. Vijana wa leo hawaijui. Ilianza na toleo maalumu la Windows XP mwaka 2002, na ilipofika Windows 7 mwaka 2009 ilikuwa imekamilika kweli kweli: ilinasa vipindi vya televisheni, ikarekodi, ikapanga picha za familia, na vyote hivyo kwa rimoti moja kutoka kwenye kiti. Hiyo rimoti ya mama yako yenye kitufe cha kijani ilitengenezwa kwa ajili ya Media Center. Mwaka 2016 nikaona ule ujumbe wa kupanda hadi Windows 10 bila ya malipo, ambao mwisho wake ulikuwa tarehe 29 Julai, na nikaogopa kupitwa. Nikakubali. Kompyuta ilipowaka tena, Media Center haikuwepo. Haikuharibika, iliondolewa, kwa sababu Windows 10 ilitolewa bila ya Media Center, na ujumbe ule ulieleza hivyo kwa maandishi ambayo mimi sikuyasoma.

Nilikuwa na rekodi zaidi ya mia mbili za aina ya WTV, ambayo ni aina ya Media Center. Nyingi zilikuja kuchezeka kwa VLC, programu nyingine ya kuchezea video, na kwa Kodi, alhamdulillahi. Lakini ilinichukua mwezi mzima kujua hilo, na katika mwezi huo nilikuwa nimekwisha kufuta baadhi nikiamini hazina faida tena. Hata DVD zangu zilikataa kucheza kwa programu za Windows zenyewe, mpaka VLC hiyo hiyo ikaniokoa.

Ninachokuomba ni uchukue karatasi, uandike kila kitu ambacho mama hufanya na mashine hiyo tangu kuiwasha hadi kuizima, kitufe kwa kitufe, kisha uulize mfumo mpya kama unaweza kila kimoja. Mimi niliuliza mfumo mpya una mambo gani mapya, na swali lile halikuwa na faida kwangu.

Mchangiaji wa Mtwapa

Shikamoo, mzee wetu wa Likoni. Mimi ni fundi wa kompyuta, na nitalijibu lile la kulazimisha Windows 11, kwa kuwa wateja huniuliza kila wiki.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 ikiwa na masharti ya chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga ya wakati mashine inapowaka), kumbukumbu isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Yako ni ya nne. Kuilazimisha kunawezekana, ipo programu inayoitwa Rufus ambayo hutengeneza flashi ya kusakinishia yenye kuruka masharti hayo, na prosesa yako ina amri za SSE4.2 na POPCNT ambazo toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki bila ya hizo. Kwa hivyo itawaka. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho, na zile nilizozilazimisha dukani hunirudia kila linapotoka toleo jipya la mwaka, kwa kuwa huhitaji kupandishwa kwa mkono. Mtu anayehama Windows 10 kwa sababu ya masasisho, kisha akahamia mahali ambapo masasisho hayana dhamana, amerudi pale pale.

Jingine ni kwamba mfumo endeshi hauongezi uwezo wa prosesa wa kufungua video. Video huja zimebanwa kwa namna mbalimbali, na kizazi cha nne hufungua ile ya H.264 ndani ya chipu yenyewe, bila ya jasho. Kati ya namna mpya zaidi, HEVC ya biti 8 (biti ni kina cha rangi) ilianza kufunguliwa na chipu za kizazi cha sita, ya biti 10 na VP9 kwa ukamilifu kizazi cha saba, na AV1 kizazi cha 11. Kwa hivyo ukicheza filamu ya 4K ya HEVC yenye biti 10 kwenye mashine yako, kazi yote itaangukia moyo wa prosesa, feni itapiga kelele, na picha itakatika, iwe ni Windows 10, 11 au Linux. Netflix nayo, kwa picha ya 4K kwenye kompyuta, hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha saba kwenda juu au kadi ya picha inayolingana nayo. Kama mnaangalia kanda, habari na filamu za HD ya kawaida, mashine yako bado ina miaka.

Na kwa kuwa tuko pwani, tafadhali ifungue kabla ya lolote. Kompyuta nyingi ninazoletewa kutoka nyumba za karibu na bahari hulaumiwa mfumo wakati kosa ni chumvi na vumbi lililoganda kwenye feni na vumbi lililoziba matundu. Msimu wa kaskazi joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mtu huona mashine imezeeka.

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Fundi, ahsante. Nimeifungua jana, na lililokuwemo nimeona haya kulieleza hapa. Nimeisafisha na kubadilisha ile dawa ya joto ya juu ya prosesa, na kelele imepungua sana. Lakini mishtuko ya picha iko pale pale.

Mchangiaji wa Likoni

Marahaba, fundi. Mwanangu, hiyo mishtuko nadhani naijua, na haina uhusiano na umri wa mashine.

Televisheni ya Kenya ilifuata mfumo wa PAL. Kila sekunde ina picha 25, na kila picha imegawanywa nusu mbili za mistari, moja ya mistari ya shufwa na nyingine ya witiri, kwa hivyo kila sekunde zinapita nusu 50. Kanda zako zilirekodiwa hivyo, na matangazo ya kidijitali ya sasa bado yanakwenda kwa 25 na 50. Kompyuta nyingi, zikiunganishwa na runinga, hujiweka kwenye kasi ya 60 kwa sekunde. Sasa hesabu mwenyewe: ukitaka kuzijaza nafasi 60 kwa picha 50, ni lazima moja katika kila tano irudiwe. Jicho halioni kurudiwa kwenyewe, bali huona mtu anayetembea akisita kidogo, tena na tena. Nenda kwenye mipangilio ya skrini uiweke 50. Ndani ya Kodi pia upo mpangilio wa kuiruhusu ibadilishe kasi ya runinga kulingana na video inayochezwa. Uwashe, ili filamu za sinema za picha 24 zipate 24 yao na kanda za mama zipate 50. Kisha hakikisha ule mpangilio wa kuunganisha nusu mbili za picha haujazimwa, kwa sababu bila huo kingo za nguo zitaonekana kama meno ya kitana.

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Mzee wangu, sijui nikushukuru vipi. Nilifanya hivyo jana usiku kabla ya mama kukaa. Ilikuwa kanda ya harusi ya dada mkubwa, ile sehemu ambapo bibi harusi anapita kati ya wanawake ukumbini, na kwa mara ya kwanza tangu niiingize kwenye kompyuta alipita bila ya kusita. Mama hakujua nilichofanya, lakini aliirudisha sehemu ile mara mbili.

Kwa hivyo sababu moja ya kubadilisha mfumo imekwisha kuondoka, na ninakiri ndiyo iliyokuwa ikinisukuma zaidi. Imebaki ya usalama, kwa ajili ya watoto. Naomba sasa wenye kuijua Linux waseme.

Mchangiaji wa Mji wa Kale

Kaka, mimi na mume wangu tumeitumia Linux sebuleni kwa miaka minne, kwa hivyo nitasema yaliyotufaa na yaliyotusumbua.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni LibreELEC, mfumo mdogo ambao ndani yake kuna Kodi na vile tu ambavyo Kodi inavihitaji. Huwaka kwa sekunde chache, na mama hataona kitu kingine isipokuwa Kodi. Kama ingekuwa ni mama peke yake, ningekuambia uchukue huo na mazungumzo yaishe. Lakini hauna kivinjari kama tunavyokijua, na watoto wa dada yako wanahitaji kivinjari. Kwa hivyo nakuelekeza kwenye ya pili, Linux Mint, kisha uweke Kodi ndani yake na uipangie ijifungue kompyuta inapowaka. Mint 22 itapokea masasisho hadi mwaka 2029, haidai TPM, na GB 8 zinaitosha vizuri.

Usisakinishe kitu kwanza. Iandike Mint kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, na itafanya kazi bila ya kugusa diski zako. Hapo utajua kama sauti inapita kwenye HDMI hadi kwenye amplifaya, kama Wi-Fi inashika, na kama rimoti inasikika. Vile vipokezi vya rimoti vya Media Center Linux inavitambua yenyewe tangu zamani. Kinachohitaji subira ni kifaa cha kunasa matangazo. Kwetu kilitambuliwa lakini hakikuonyesha chaneli hata moja, mpaka tulipoongeza faili ndogo ya programu ya ndani ya kifaa hicho. Kisha utahitaji Tvheadend, programu inayopokea chaneli na kuipatia Kodi. Kuipanga kulituchukua jioni mbili, na sitakudanganya kwamba ni rahisi, kwa maana kurasa zake zimejaa maneno ya kifundi. Ikishapangwa, haiulizi tena.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyajua wakiwa wamekwisha kuumia. Windows 10 ina mpangilio wa kuwaka haraka, na ukiwa umewashwa, kompyuta ikizimwa haizimiki kabisa, bali hulala nusu. Linux ikikuta diski iliyoachwa katika hali hiyo, ama hukataa kuifungua, ama huifungua kwa kusoma tu. Uzime mpangilio huo, kisha uizime kompyuta ipasavyo kabla ya kujaribu. La pili ni orodha ya kanda. Kama umeandika majina na picha ndani ya Kodi, usitegemee kwamba kunakili folda ya Kodi kutatosha, kwa sababu njia za faili za Windows si za Linux. Iagize Kodi ya sasa itoe maktaba yake katika faili mojamoja kando ya kila video. Kodi mpya itazisoma humo, na mama atayakuta majina yale yale.

Kwa Netflix, jueni kwamba ndani ya kivinjari cha Linux hampati 4K. Kwa prosesa yako hukuwa unaipata hata hivyo.

Mchangiaji wa Nyali

Dada yetu amesema vizuri, lakini mimi bado nina wasiwasi juu ya mama. Mtu wa miaka 73 aliyezoea kitu, tunambadilishia kwa sababu zetu. Kwa nini usinunue kile kisanduku kidogo cha Android cha kuchomeka kwenye runinga kwa ajili ya watoto, kompyuta ukaikata mtandao, na mama akabaki na Windows 10 yake mpaka mashine ife yenyewe?

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Ndugu yangu, nimelifikiria hilo kwa dhati, na lina uzito. Kinachonizuia ni kwamba nyumba ya dada yangu wanacho kisanduku cha namna hiyo, cha bei nafuu, na kilipokea sasisho moja tu tangu kinunuliwe. Nitakuwa nimelihamisha tatizo kutoka kona moja ya sebule hadi nyingine. Pia kompyuta ikikatwa mtandao haitapata ratiba ya vipindi wala majina ya filamu. Lakini la mama nimelikubali. Nimeandika ile karatasi aliyoniagiza mzee wa Likoni, na imetoka na mistari 14. Mstari mmoja nisingeukumbuka kamwe: mama haizimi kompyuta. Hubonyeza kitufe kilekile cha kijani mara mbili, akaondoka, na mimi ndiye niliyeipanga hivyo miaka mingi iliyopita.

Mchangiaji wa Mtwapa

Kabla hujagusa chochote, zile kanda ziko mahali pangapi?

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Mahali pamoja, fundi. Kwenye ile diski ya TB 4.

Mchangiaji wa Mtwapa

Basi kaka, acha habari za mifumo yote. Diski hiyo imezunguka tangu lini? Stima hapa kwetu inapotea na kurudi kwa kishindo, na diski ya kuzunguka haipendi hivyo. Mwaka juzi nililetewa diski na mama mmoja ambaye fundi wa mtaani kwake aliifomati alipokuwa akimwekea mfumo mpya. Alidhani anafuta diski ndogo, akafuta kubwa. Tulipata picha chache tu. Nunua diski ya nje, nakili kanda zote, kisha uzifungue baadhi kutoka kwenye nakala ili uone zinacheza kweli. Nakala ya pili iwe nje ya nyumba. Na siku ya kusakinisha, chomoa waya wa ile diski ya TB 4 kabisa. Kisichounganishwa hakifutiki kwa makosa.

Na ushauri wangu wa mwisho juu ya mfumo: usiifute SSD yako. SSD mpya ya GB 240 ni bei ndogo siku hizi. Toa ya zamani pamoja na Windows 10 yake, iweke kwenye droo, weka mpya, na Linux iingie humo. Mama akikataa, utaizima kompyuta, ubadilishe diski, na dakika kumi baadaye yuko kwenye taarifa yake ya habari kama jana. Watu hunakili diski nzima kwa Clonezilla, nami huitumia dukani, lakini kwa mtu wa nyumbani hakuna njia ya kurudi iliyo nyepesi kuliko diski ya zamani yenyewe ambayo haikuguswa.

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Ndugu zangu, nimechukua wiki tatu bila ya kuandika, na sasa ninaleta taarifa.

Nilianza na kanda. Kunakili kulikwenda usiku kucha, na nikafungua kila moja ya zile 31 kutoka kwenye nakala, mwanzo, kati na mwisho. Mbili zilikuwa na sehemu zisizosomeka. Nilirudi kwenye diski ya TB 4 na huko pia hazikusomeka. Maana yake diski hiyo ilikuwa imeanza kufa bila ya mimi kujua, na lau fundi asingeuliza swali lile ningekuwa bado ninasoma habari za Windows 11. Moja nimeipata kwa dada yangu, niliyewahi kumpa kwenye flashi. Nyingine, ya maulidi, nimepoteza kama dakika tisa za katikati. Diski mpya ya TB 4 imekwisha kuwekwa, pamoja na UPS ndogo, ile betri ya kuishika kompyuta stima inapopotea.

Kisha nikajiunga na ule mpango wa masasisho hadi Oktoba 2026, ili nisifanye kazi kwa presha. Mint kwenye flashi nimeijaribu Jumamosi mbili. Sauti ilipita mara ya kwanza. Kasi ya 50 ilikubali. Rimoti ilisikika vitufe vyote isipokuwa kile cha kijani, ambacho nilikishughulikia kwa jioni nzima mpaka kikafungua Kodi. Kifaa cha matangazo kilinitesa kama kilivyomtesa dada wa Mji wa Kale, na faili ile ndogo ndiyo iliyokuwa tiba yake pia.

Uamuzi wangu basi ni huu. Mint inaingia kwenye SSD mpya, na ile ya Windows 10 inakaa kwenye droo hadi Oktoba 2026. Windows 11 sitailazimisha. Watoto nimewatengenezea akaunti yao ndani ya Mint, mbali na ya mama, ili kivinjari chao na kanda zake visikutane. Katika mistari 14 ya karatasi, 12 inafanya kazi sawasawa. Mpangilio wa chaneli bado haufanani na alivyouzoea, na kitufe cha kijani kikibonyezwa mara mbili kinafunga Kodi badala ya kuilaza kompyuta. Hiyo miwili nitaimaliza kabla mama hajakabidhiwa. Kwa sasa, kila ifikapo saa kumi na mbili unusu jioni, ninairudisha SSD ya zamani mahali pake.

Mzee wangu wa Likoni, uliniambia kando ya uzi huu kwamba nakala ya pili inaweza kukaa kwako. Nitavuka feri nayo Jumamosi asubuhi, inshallah. Naomba tu iwekwe kabatini, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Mchangiaji wa Likoni

Njoo nayo, mwanangu. Kabati liko chumba cha ndani, na nimekwisha kulipangusa. Ukija, njoo pia na ile ya maulidi yenye pengo. Nina jirani aliyekuwa akirekodi Lamu miaka hiyo hiyo, na kanda zake bado zinacheza.